Likizo Hii Hatukwenda Popote

Daftari lilikuwa wazi juu ya meza ya chakula, kando ya sahani ya mihogo, nami nilikuwa natafuta kalamu tu. Insha ya Kiswahili, darasa la nne, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula: "Likizo Yangu". Sentensi ya kwanza ya binti yetu ilikuwa hii:

"Likizo hii hatukwenda popote, tulikwenda kwa bibi."

Mwalimu ameweka alama ya vema kwa wino mwekundu. Amesahihisha herufi kubwa kwenye neno Pangani, akaandika "Hati nzuri", akapita zake. Hakuona cha kuuliza.

Nikaenda kumsomea mama yake jikoni. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kwani kasema uongo? Mwaka gani tumewahi kwenda mahali?"

Nilicheka na mimi. Lakini sentensi ile ilining'ang'ania. Nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, naisikia. Kazini mwenzangu akisimulia alivyompeleka mkewe Zanzibar, naisikia. Wiki zikapita na bado sijui inaniuma nini hasa: kwamba mtoto kakosea, au kwamba kapatia.

Hawa hawana kwao?

Mimi ni mtu wa Soni, milima ya Usambara, mkoani Tanga. Mke wangu ni wa Pangani, mkoa huo huo, mlango wa mto na bahari. Kwa hiyo likizo zetu zina njia mbili: Desemba kwa Bibi wa Soni, Juni kwa Bibi wa Pangani. Tunabeba sukari, mafuta ya kula, kanga, dawa za presha, na simu ya zamani ambayo kuna mtu aliahidiwa. Tukifika, tunakaa. Watu wanakuja kutuona. Watoto wanatumwa dukani, wanatumwa kwa shangazi kupeleka salamu, wanatumwa kurudisha sufuria ya jirani. Mimi nazungushwa nyumba hadi nyumba kutoa pole kwa misiba yote iliyonipita tangu likizo ya nyuma.

Hiyo ndiyo likizo niliyolelewa nayo, na sikuwahi kuiona ina upungufu.

Sasa tazama upande wa pili. Njia ya miguu inayotoka Lushoto inapita pembeni ya shamba la mama. Msimu wa kiangazi ukifika, haipiti wiki bila Wajerumani au Waholanzi kukatiza hapo, mabegi mgongoni, kijana wa kwetu akiwa mbele na fimbo yake. Wakifika kwenye mgomba wa mwisho, pale bonde linapofunguka, wanasimama. Wanapiga picha. Wanavuta hewa kwa nguvu, kana kwamba kwao inauzwa. Mama anaitikia salamu zao, halafu wakishapita ananigeukia na swali lake la miaka yote:

"Hawa watu hawana kwao?"

Binti yetu ameyaona hayo. Ameona watu wazima wakivuka bahari kuja kutazama kilima ambacho yeye hukipanda akitumwa chumvi. Na bado akaandika kwamba hakwenda popote.

Siku moja nikamuuliza, kwa upole, nisije nikaonekana namsaili. Kwenda mahali ni kwenda wapi?

Akafikiri kidogo. "Ni kule ambako hakuna anayekutuma."

Nyumba yangu imevuja?

Ndipo tulipokubaliana kwamba likizo inayofuata tutakwenda mkoa huu huu wa Tanga, ila tutakwenda kama watu wasio na bibi. Tutalala gesti. Tutalipa viingilio. Tutakula mahali penye menyu.

Kusema ni rahisi. Nilipokaa chini kupiga hesabu, kila mstari ulikuwa unanitazama. Jiko la mama linahitaji bati. Usiku wa gesti Lushoto kwa familia nzima, ukiweka na chakula, ni bati kadhaa. Nauli ya boti kwenda kisiwa cha Maziwe ni mifuko ya saruji. Mtu aliyekulia nyumba ambamo fedha ina kazi kabla haijafika anajua ninachosema: kuna aibu ya pekee katika kulipia usingizi mahali ambapo una mama mwenye kitanda.

Niliwahi kufikiri aibu hii ni ya kimaskini, kwamba mtu akipata ataiacha. Si kweli. Nawajua watu wa kwetu wenye uwezo mzuri tu, wana magari mawili, na wakienda Lushoto wanalala chini kwenye godoro sebuleni kwa mama, miguu inagusa kabati.

Tulipofika Lushoto nikapiga simu.

"Mama, tumeingia Lushoto. Leo tunalala huku, keshokutwa tunashuka kwako."

Kimya.

"Nyumba yangu imevuja?"

"Hapana, mama. Watoto wanataka kutembea."

"Na hapa huwa hawatembei?"

Mwenzangu alinitazama kwa huruma. "Ungemwambia gari limeharibika," alisema. Na ni kweli, kwetu uongo wa gari bovu una adabu kuliko ukweli wa namna ile.

Wenyeji au wageni?

Kesho yake tukapanda Irente. Njiani tulikula mkate wa pale na jibini, watoto wakagombania jamu. Mbele kidogo tukamkuta kijana mwenye kitabu cha risiti, ameegemea jiwe.

"Karibuni. Wenyeji au wageni?"

Swali la kawaida, bei zinatofautiana. Lakini mke wangu alinigeukia, watoto wakanigeukia, na mimi nikajikuta nakohoa.

"Wenyeji."

"Mgosi, wenyeji wa wapi?"

"Soni."

"Soni kwa nani?"

Nikamtajia. Akamjua baba mdogo, akamjua na ng'ombe wa baba mdogo aliyeanguka korongoni, akatoa pole. Kisha akakata risiti kama kawaida, tena kwa hati nzuri, akaniambia atatuongoza yeye mwenyewe.

Genge la Irente linakatika ghafla. Unatembea kwenye nyasi, mara nyasi zinakwisha na nchi iko chini huko: Mazinde, barabara kuu ya Arusha yenye malori madogo yanayotambaa, reli, na nyika ya Umasaini inayokwenda mpaka macho yachoke. Nimekulia kilomita chache kutoka hapo. Nilikuwa nimewahi kufika nikiwa shule, tukaimba, tukarudi. Safari hii nilisimama.

Kijana alikuwa anajua kazi yake. Akawaonyesha watoto ile mistari ya kijani iliyonyooka huko bondeni, mkonge, akawaambia mmea ule si wa kwetu. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893. Miche 1,000 iliagizwa kutoka Florida, iliyofika hai ni 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote, na mashamba yakazaa miji, na miji ikazaa sisi. Ilipandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani.

"Pangani kwa bibi?" binti yetu aliuliza.

"Pangani kwa bibi," nikasema.

Mwaka huo huo wa 1893 ndipo reli ilipoanza kujengwa kutoka Tanga. Ilifika Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Na mwaka mmoja kabla ya mkonge, ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire aliokota kwenye misitu ya Usambara kiua kidogo cha zambarau, akampelekea baba yake mbegu huko Ulaya. Leo kinaitwa Saintpaulia, kinakaa kwenye vyungu madirishani mwa mabibi wa dunia nzima. Lushoto yenyewe waliiita Wilhelmstal, wakawa wanapandia huko kukimbia joto la pwani.

Hapo kidogo nikakwama. Ina maana watu wa kwanza kuja kwetu kwa kupumzika tu, wakakaa kibarazani wakatazama bonde, walikuwa na watu wengine wanaowabebea mizigo na kuwakatia mkonge. Babu yangu alikata mkonge. Hakuwahi kuniambia kwamba Irente pana mandhari. Alikuwa ameitazama kutoka chini.

Jioni gesti nilijaribu kumweleza mwenzangu. Kwa bibi, nikamwambia, sisi ndio tunaotazamwa: nimenenepa, nimekonda, mtoto karefuka, mke kachelewa kuongeza mwingine. Siku nzima unatazamwa, huna nafasi ya kutazama. Irente hakuna aliyekuwa ananingoja, ndiyo maana nimeona.

"Na huyo kijana aliyekuuliza Soni kwa nani?" akasema.

Sikuwa na jibu. Nikazima taa.

Hapa ndipo nilipokuwa naishia

Mpango ulikuwa tushuke Soni, tumsalimie mama, tupitilize kuelekea pwani. Mama alitusikiliza huku akimenya ndizi. Alipomaliza akafuta mikono.

"Mnakwenda kwa mkwe wangu, na mimi nipo."

Halikuwa swali.

Niseme kwamba mama na mama mkwe walikuwa wameonana mara moja tu, harusini kwetu. Harusi ilifungwa Dar. Mama alikuja usiku ndani ya Kosta la kukodi na akarudi usiku. Bahari aliiona kwa mbali kupitia dirisha la daladala. Kuanzia hapo ni simu: Idi njema, pole na mvua, mjukuu kaota jino.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko uliokuwa umeshafungwa. Alikuwa ameufunga lini, sijui.

Tuliposhuka zile kona za Mombo watoto walikuwa kimya kwa kichefuchefu, na mama ndiye aliyekuwa anazungumza. Mombo wauza matunda walizingira gari na ndoo za plamu na pichi. Mama akafungua kioo, akauliza bei, akasikitika kwa sauti, akafunga. Miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akishusha plamu hapo, kichwani kwanza, baadaye kwa pikapu ya jirani.

"Hapa ndipo nilipokuwa naishia," alisema. "Basi likiondoka na plamu zangu, nasema, haya, nendeni mkaone huko."

Gari likapita Mombo. Likapita Korogwe. Mama aliegemea dirisha na hakusinzia hata kidogo.

Muheza tulisimama kwa machungwa. Muuzaji alimenya kwa kisu kifupi, ganda la kijani likishuka utepe mmoja bila kukatika, akakata kofia juu, akampa mama la kwanza. Amani tuliiacha kwa sababu ya mvua. Barabara ya kupanda kule mvua ikinyesha si ya gari dogo. Inaniuma, maana bustani ile ya miti waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902 ni mahali pa kwenda na mtoto anayeuliza maswali, na msitu wake ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997. Itabaki siku nyingine.

Dua ya mwenzake

Jiji la Tanga nitalipita haraka, si kwa dharau. Ni mji wa baiskeli na kivuli, mji usio na haraka ya kukufurahisha. Watoto walipenda Raskazone, hasa waliposikia kwamba Novemba 1914 jeshi la Waingereza na Wahindi lilishuka ufukweni pale, likapigwa, na nyuki nao wakaingia vitani. Nyuki ndio waliobaki vichwani mwao. Jeshi limeshasahaulika.

Amboni ndiko kulikotokea jambo.

Mapango yale ni ya chokaa, yako kilomita chache kaskazini mwa jiji, njia ya Horohoro. Ukurasa wowote wa vivutio vya Tanga utayakuta mstari wa kwanza. Ndani ni baridi, popo wanapiga kelele, mwongozaji anakuonyesha jiwe linalofanana na hiki na lile linalofanana na kile. Anasimulia hadithi ya Wazungu waliopotelea ndani na mbwa wao akaibukia mbali kabisa. Watoto walikuwa wamefurahi kupita kiasi.

Kisha tukafika penye mzimu. Kuna sarafu pale, vitambaa, chupa za maji ya waridi, majivu ya ubani. Watu wanakuja mpaka leo, mwongozaji akasema, wengine kutoka mbali, wanaomba mtoto, wanaomba kazi. Mgeni mmoja wa kundi la mbele yetu aliinamisha simu na kupiga picha, mwanga ukamulika kitambaa chekundu.

Mama aligeuka, akaanza kutoka. Mama yangu ni mtu wa swala tano na hana habari na mizimu. Nilimfuata nje nikidhani kaogopa giza.

"Mtu halipi kiingilio kuchungulia dua ya mwenzake," aliniambia.

Nimelifikiria neno lile kuliko kitu kingine chochote cha safari nzima. Kijana wa mapangoni anakula kwa kiingilio kile, na anaeleza kwa heshima. Waliokwenda kuomba hawajakataa watu kupita. Hata hivyo sikuweza kurudi ndani. Nilikaa na mama chini ya mti mpaka wengine wakatoka, tukala machungwa yaliyobaki.

Mtu akiniuliza leo, Amboni simo. Si kwamba si pazuri.

Machungwa ya Mtangata

Tongoni napo ni makaburi, na kwa kuwa mama alikuwa garini nilisita kusimama. Nilimwambia tu kuna msikiti wa zamani. Akavaa mtandio vizuri.

Magofu yako kusini mwa Tanga, njia ya Pangani, kando ya mikoko. Msikiti hauna paa, mihrabu imebaki. Kuzunguka kwake yapo makaburi kama 40, ya watu wenye uwezo wao, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na mengine yalikuwa na nguzo ndefu. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, zimelala pale pale zilipoangukia. Mji huu uliitwa Mtangata na ulikuwa hai karne ya 14 na ya 15.

Mzee anayetunza hapo hakuwa na maneno mengi. Alitueleza kwamba Vasco da Gama alipita mwaka 1498, na chombo chake kimoja, São Rafael, kikapanda mwamba mbele ya pwani hii. Walipokuwa wanangoja maji yajae, watu wa hapa waliwafuata kwa mitumbwi. Kumbukumbu za safari ile zinasema waliwapelekea machungwa, mazuri kuliko ya Ureno. Mwaka uliofuata, Januari, wakiwa njiani kurudi na mabaharia wengi wamekufa, Wareno waliichoma merikebu ile ile hapo hapo, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

"Waliwauzia au waliwapa?" mama akauliza.

"Yale machungwa?"

"Ndiyo."

Mzee akacheka, mara ya kwanza tangu tufike. "Mama, wewe ni mfanyabiashara."

Mama akaenda penye mihrabu, akasimama, akasoma Fatiha kimya kimya kwa ajili ya wenye makaburi. Hakuna aliyepiga picha. Binti yetu alimfuata akasimama nyuma yake, mikono imeinuliwa, na nikaona kwamba mahali pale palikuwa pamepata mtu wa kupatembelea, hata kama hakuna jamaa yetu aliyelala hapo.

Hapo ndipo wazo langu la Irente, lile la kutazama na kutazamwa, lilipoanza kuyumba. Mama alikuwa hajawahi kufika Tongoni, hajui mtu Tongoni, na aliingia kwa namna ile ile anayoingia msibani Soni. Hakuwa mgeni wala mwenyeji. Alikuwa ametoa salamu.

Mbona mmeyachafua?

Pangani mjini tuliingia alasiri. Nyumba za zamani mbele ya mto, milango ya nakshi, plasta inabanduka. Mji huu uliwahi kuwa mkubwa: pembe, minazi, sukari, watumwa. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Bushiri bin Salim, Desemba 1889. Nimeusikia Pangani ukisifiwa kwamba muda umesimama. Mimi siupendi usemi huo. Muda haujasimama kwa mtu anayetafuta dawa ya mtoto saa nane usiku.

Nyumbani kwa mama mkwe ni ng'ambo, Bweni, kwa hiyo lazima pantoni. Tulisubiri kwenye mteremko, bodaboda na magunia ya nazi yakijipanga kando yetu. Mama alishuka akaenda mpaka ukingoni. Maji yalikuwa ya kahawia, mazito, yanakwenda kwa nguvu.

"Huu mto unatoka wapi?"

Nikamwambia: unatoka Kilimanjaro na Meru, unapita Korogwe. Halafu nikakumbuka. Maji yanayoanguka pale Soni, yale tunayoyasikia usiku tukiwa kitandani kwake, hushuka Mombo, huingia Mto Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani.

"Kwa hiyo haya ni yetu."

"Mengine ni yetu."

Akayatazama tena, kwa uchungu hasa.

Mama mkwe alikuwa amevuka kutulaki, amesimama penye kibanda cha tiketi na baibui lake. Wakakumbatiana. Shikamoo zetu hazikupata nafasi.

"Mkwe wangu," mama akasema, mkono bado uko begani mwa mwenziwe, "sisi tunawaletea maji meupe kabisa kutoka kule juu. Mbona mmeyachafua?"

"Mkwe, maji yamepita kwa watu wote ndiyo yakafika kwetu," mama mkwe akajibu. "Ungeyaleta mwenyewe."

Walicheka mpaka pantoni ikafika, na waliendelea kucheka ikielea. Mimi na mke wangu tulikuwa tumebeba mizigo na hakuna aliyetuuliza habari za safari. Karibu na mdomo wa mto nguzo za daraja jipya zilikuwa zinaonekana. Litakuwa na mita 525 na litaunganisha barabara ya pwani kutoka Bagamoyo mpaka Tanga. Watu wa Bweni wamelingoja miaka na miaka, na mgonjwa wa usiku analihitaji kuliko mimi ninavyoipenda pantoni. Naandika hivi ili mtu asije akanijibu kwamba sisi wa Dar tunataka vijijini pasibadilike. Najua tu kwamba mazungumzo yale hayangefanyika darajani. Gari lingepita.

Mivinje ya Maziwe

Kwenda Maziwe hutegemei saa yako, unategemea maji. Nahodha alituambia tuwe ufukwe wa Ushongo mapema, maji yakiwa yanatoka. Kufika mchana yakijaa hakuna kisiwa. Si kwamba kinakuwa kidogo. Hakipo.

Nilidhani mabibi watabaki ufukweni. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kuingia botini, amekunja baibui kiunoni. Mama alivaa jaketi la uokozi juu ya kitenge, akashika ukingo kwa mikono miwili na kusoma kila aya anayoijua. Nilimuuliza kama turudi. Akaniambia ninamkatiza.

Kisiwa kilipoanza kuonekana, kilikuwa mchanga mtupu, mweupe, na maji ya rangi tatu kukizunguka. Watoto wakaruka kabla boti haijatulia. Nikatoa simu. Hii ndiyo ile picha, nikajisemea, hii ndiyo popote yenyewe.

Mama mkwe hakushangaa mchanga. Alitembea mpaka katikati, akageuka huku na huku, anatafuta.

"Hapa palikuwa na mivinje," alisema. "Mikubwa. Wavuvi walikuwa wanalala chini yake, wanakausha samaki. Nilikuja na marehemu baba yangu. Kuni tulikuwa tunaokota hapa."

Kufikia miaka ya 1980 miti yote ya Maziwe ilikuwa imekwisha, na kisiwa bila mizizi hakina kinachokishika. Kasa walikuwa wakija kutaga hapa kwa wingi. Hata baada ya miti kwisha waliendelea kuja, kwa mazoea yao, mayai yakawa yanafunikwa na maji. Watu wa Ushongo wakaingia kazi ya kuyahamisha, kiota baada ya kiota, kuyaleta bara na kuyafukia upya.

Mama alikuwa amekaa kwenye mchanga, miguu ndani ya maji. Aliinua gamba dogo la kombe, akalikagua pande zote, akanionyesha: lilikuwa na tundu moja, la mviringo, safi, limetobolewa kwa ustadi. "Nani kalitoboa?" Nahodha akasema ni konokono wa baharini, anatoboa ale nyama iliyo ndani. Mama akalirudisha pale pale alipolitoa.

"Mkwe," akaita, "hapo ulipolala na marehemu ni wapi?"

Mama mkwe akachagua sehemu, kwa makadirio tu, maana hapakuwa na alama yoyote. Wakaenda wakakaa hapo wawili. Sisi tuliogelea. Nahodha alipoanza kutuita, maji yalikuwa yameshagusa pindo la kitenge cha mama na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kuinuka.

Wakwe wana mipango

Kuna wenzangu wameniomba orodha ya mahali pa kwenda mkoani Tanga. Nitawapa yangu: genge la Irente asubuhi kabla ya ukungu kupanda, Tongoni ukiwa umevaa vizuri, pantoni ya Pangani kabla daraja halijafunguliwa, Maziwe na mtu anayekumbuka miti. Wenye kupenda wanyama waende Saadani, hifadhi ya taifa inayogusana na bahari. Sijafika, kwa hiyo sitamsifia mtu. Na kama una bibi kokote kule kati ya hapo, utajua mwenyewe utamwambia nini kwenye simu.

Binti yetu nilimuuliza kama safari hii tulikwenda mahali. Akasema tulikwenda, ila Maziwe alitumwa mara nyingi: lete maji, lete mtandio wa bibi, kamwite nahodha. Hakusema kama anaona ni kasoro.

Juzi mama alipiga. Mama mkwe atapanda Soni msimu wa plamu, wameshapanga wao wenyewe. Ameuliza kama ni kweli kule mtu analalia mablanketi mawili, akajibiwa matatu. Irente atapelekwa, na Mtae pia, kule kijiji kinakokaa juu ya genge kabisa. Mama ameshazungumza na yule kijana wa risiti kupitia kwa baba mdogo.

Nikamwambia vizuri sana, basi tutafute Noah ya kukodi, tutakuja Ijumaa usiku.

"Ninyi si mna kazi?" akasema. "Tumeni nauli tu."